UZI: Pikapu ya mwendo mrefu wa magurudumu imepasuka fremu pembeni ya weldi, tuijadili breketi hii

#1 Njia_Mbovu

Wakuu, salamu kwenu wote.

Ni mwaka mmoja na nusu sasa najenga pikapu ya kupita njia mbovu kwa kasi. Mbele kila gurudumu linajitegemea kwa amu zake, nyuma ni ekseli nzima juu ya springi za bapa. Ilivyotoka kiwandani, gurudumu la mbele lilikuwa na mwendo wa kama sentimita 20, tangu linapogota juu hadi linaponing'inia chini kabisa. Nilitaka 34. Nikarefusha amu za juu na za chini kwa sentimita 7.5 kila upande, ekseli za mbele na tairodi (fito za usukani zinazogeuza magurudumu) zikarefuka kiasi hichohicho, nikanunua koilova, yaani zile shokapu zilizovaa springi yake. Breketi za zamani za shokapu hazikufaa tena, kwa hiyo nikakata mpya kwa bamba la milimita 6 na kuzichomelea kwenye ubavu wa fremu.

Sasa tatizo. Nimerudi kutoka safari ya kwanza ya maana, naosha tope upande wa kushoto, nikaona mstari mwembamba wa kutu unachuruzika chini ya breketi. Nikaufuta kwa kidole. Maji yalipokauka ulikuwa umerudi palepale. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Nikapiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, na ufa ukajitokeza wote: sentimita 4, umeanzia mwisho wa weldi ya wima kwenye kona ya chini ya breketi, ukashuka na kukunja kuingia tumboni mwa fremu.

Weldi yenyewe ni nzima, haina hata alama. Kilichopasuka ni fremu, milimita mbili hivi kando ya weldi.

Maelezo: breketi ni ya mraba, nimeichomelea kuizunguka pande zote nne. Ukuta wa fremu ni milimita 3. Nilitumia MIG, yaani mashine ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe, waya wa milimita 0.8, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksaidi. Kazi ya weldi niliifanya mwenyewe na niliridhika nayo.

Je, nichomelee ufa tu? Niweke kiraka? Au ning'oe kila kitu nianze upya?

#2 Nati17

Pole mkuu. Mimi ningeuchomelea huo ufa vizuri, halafu juu yake nibandike bamba nene, hata la milimita 8, nizungushe weldi pande zote. Hapo hapapasuki tena. Pikapu yangu niliifanyia hivyo na bado inatembea.

#3 MotoWaChuma

Njia_Mbovu, usiwashe mashine kwanza. Na Nati17, samahani ndugu yangu, ushauri wako ndio uliompasulia fremu, ila wewe umeongeza milimita mbili.

Tazama ufa ulipoanzia. Waya wa kawaida wa MIG kwa chuma laini ni ER70S-6. Ile 70 maana yake chuma cha weldi huvumilia mvuto wa paundi 70,000 kwa inchi ya mraba, kama megapaskali 480, na chuma cha fremu nyingi za pikapu za zamani kiko chini ya hapo. Ndiyo maana weldi haikuguswa. Pale kando yake chuma kilipashwa moto kikapoa haraka, kikabadilika tabia, na palepale unene unaruka kutoka milimita 6 za bamba hadi 3 za fremu. Bamba halipindi, fremu inapinda. Kila shimo la barabarani fremu inakunjwa kwenye mstari uleule, pembeni mwa weldi. Ukipinda waya mahali pamoja mara mia utakatika, nao hauna weldi hata moja.

Kosa la pili ni ile weldi ya wima. Fremu ikibeba mzigo, mgongo wake unabanwa na tumbo linavutwa, au kinyume chake, kutegemea mahali ulipo. Katikati ya ubavu, nusu ya kimo cha fremu, kuna mstari ambao hauvutwi wala haubanwi kwa kiasi cha kutisha. Mateso yote yako juu kabisa na chini kabisa. Wewe umechora mstari wa weldi uliosimama, umekata njia ya mzigo, na umeumalizia karibu na tumbo, mahali ambapo mvuto ni mkubwa kuliko kote. Na mwisho wa weldi ndipo penye kasoro kila mara: kishimo kidogo, au kimfereji kando ambapo moto umekula ukingo. Ufa haukuhitaji kutafuta pa kuanzia.

Mimi nafanya hivi. Kwanza kuna bamba la kutandaza mzigo, la unene sawa na fremu. Kwako ni 3, usizidi 4. Linakatwa umbo la almasi ndefu, au ncha zake zinachongwa kama mdomo wa samaki, ili weldi ipite kwa mshazari na isisimame wima popote. Kingo zake zikae mbali na mgongo na tumbo la fremu kwa sentimita 2 hivi. Toboa mashimo ya milimita 12 hadi 15 katikati ya bamba, kwenye ule mstari wa katikati ya ubavu, uyajaze weldi ili bamba lishikamane na fremu hata pasipo na ukingo. Breketi yako ya milimita 6 unaichomelea juu ya bamba hilo, sio juu ya fremu. Na usipitishe weldi kukata mgongo au tumbo la fremu. Hilo sina mjadala nalo.

#4 Mama_Springi

Nakubaliana na MotoWaChuma neno kwa neno. Lakini mimi nina swali lililo nyuma ya hilo: shokapu yako inagota?

Breketi ya shokapu haikuumbwa kupokea pigo la mwisho. Hilo ni la raba ya kugotea. Kama shokapu inafika mwisho wake kabla ya raba kubonyea, uzito wote wa mbele ya gari unatua juu ya bolti moja na breketi moja. Ukitengeneza bamba zuri la almasi bila kuangalia hilo, umeahirisha ufa tu.

Nipe vitu viwili. Urefu wa mwendo wa shokapu yenyewe, shafti ikiwa nje kabisa hadi ndani kabisa. Na sehemu ambapo shokapu imefungwa kwenye amu ya chini: umbali kutoka bushi (egemeo la amu kwenye fremu) hadi bolti ya shokapu, na kutoka bushi hadi boljointi (kiungo cha amu upande wa gurudumu).

#5 Njia_Mbovu

Dada Springi, nimepima. Shokapu ina mwendo wa inchi 8, sentimita 20.3. Kutoka bushi hadi bolti ya shokapu ni sentimita 30. Kutoka bushi hadi boljointi ni 50.

#6 Mama_Springi

Basi 30 kwa 50 ni 0.6. Gurudumu likipanda sentimita 10, shokapu yako inaingia 6, tena kidogo pungufu kwa sababu imelala upande. Wewe ulitaka mwendo wa sentimita 34. Zidisha kwa 0.6: sentimita 20.4. Shokapu ina 20.3.

Umetumia shokapu yote. Hukuiachia nafasi juu wala chini.

Na tukiwa hapohapo: nguvu nayo inageuka. Kilo 600 kwenye gurudumu zinakuwa kilo 1,000 kwenye breketi ya shokapu, kwa sababu unagawa kwa 0.6. Kuhusu springi, watu wengi hukosea hapa. Ugumu unaousikia gurudumuni ni ugumu wa springi mara 0.6 mara 0.6 tena, yaani 0.36. Springi ya nyutoni 100 kwa milimita inakuwa 36 tu chini kwenye tairi. Ndiyo maana mtu anafunga springi anayoamini ni ngumu na gari bado linabusu ardhi.

Fanya zoezi hili kabla ya kugusa weldi. Weka gari juu ya stendi, fremu ikae sawa, toa springi kwenye koilova, rudisha shokapu tupu. Pandisha gurudumu kwa jeki, sentimita moja moja, na kila hatua uandike: shafti imebaki kiasi gani, raba imeguswa lini, tairi iko wapi na bodi, tairodi inavuta gurudumu upande gani. Halafu shusha mpaka chini, uangalie jointi za ekseli kama zinakwama. Usifanye haraka. Kazi hii ya asubuhi moja itakuambia zaidi ya mwaka mmoja na nusu uliopita.

#7 Njia_Mbovu

Nimefanya, ilinichukua siku nzima. Majibu yananiuma lakini nayaweka hapa.

Kushoto: raba inaguswa wakati gurudumu limebakiza milimita 10 tu kabla shokapu haijagota. Raba yenyewe, ikipimwa gurudumuni, inahitaji kama milimita 30 ili ibonyee sawasawa. Kwa hiyo kila shimo kubwa nililopita, shokapu ilifika chini raba ikiwa haijabonyea hata nusu. Kulia ni hivyohivyo, tofauti ya milimita 2.

Huku chini, gurudumu likining'inia, kinacholizuia ni shokapu kuvutika hadi mwisho. Sikuweka mkanda wa kuzuia. Na jointi ya ekseli nikiizungusha kwa mkono gurudumu likiwa chini kabisa, inagoma sehemu moja ya mzunguko.

Kwa tairodi nimefurahi kidogo. Gurudumu linageuka milimita 3 tu mwendo wote.

#8 Mama_Springi

Tairodi yako imetulia kwa sababu uliacha bushi za ndani mahali pake na ukarefusha kila kitu kwa nje kwa kipimo kimoja. Hapo ulifanya vizuri.

Sasa kubali sentimita 32. Teremsha raba ili gurudumu liiguse milimita 30 hivi mapema zaidi, ibonyee yote huku shokapu ikiwa na sentimita moja ya gurudumu mkononi. Chini weka mkanda wa kuzuia kila upande. Mikanda hiyo huvutika ikipigwa, kadiria sehemu moja ya kumi ya urefu wake, kwa hiyo ikate mifupi kuliko unavyodhani. Mkanda ukaze kabla shokapu haijafika mwisho na kabla jointi ya ekseli haijagoma. Ukifika hapo jointi bado inagoma, punguza tena. Jointi ikivunjika kwa kasi haivunjiki peke yake.

Na mipira ya breki! Angalia urefu wake gurudumu likiwa chini na usukani umekatwa hadi mwisho. Nimeshaona mtu aliyefikiria kila kitu isipokuwa hiyo.

#9 Nati17

Nauliza kwa nia ya kujifunza. MIG ndogo ya nyumbani inatosha kwa kazi hii, au lazima fito, yaani weldi ya vijiti? Huku kwetu wengi wanasema MIG haishiki fremu.

#10 MotoWaChuma

Zote mbili zinashika, na zote mbili zinadanganya, ila MIG inadanganya kwa sura nzuri. Fito ikikosewa utaona: slagi (ganda la uchafu wa fito) imenasa, weldi imevimba huku na kukonda kule. MIG yenye moto mdogo kwenye bamba nene inalala juu ya chuma kama nta iliyomwagika, inapendeza machoni, na chini haijashika kitu. Mashine ndogo ya amperi 140 kwenye milimita 3 iko sawa. Kwenye milimita 6 kwa pasi moja siiamini, labda uchonge ukingo uwe V na upashe bamba joto kidogo kwanza.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua vipande vya unene uleule unaotaka kuunga, visimamishe mfano wa herufi T, chomelea upande mmoja tu. Kikipoa kiweke kwenye jiliwa, ukipige nyundo kuelekea kwenye weldi mpaka kijikunje au kivunjike. Ukikuta ukingo wa bamba bado umenyooka kama ulivyokatwa, na weldi imebanduka safi, moto haukupenya. Ukiona chuma kimechanika kwa mikwaruzo, weldi imetoka na nyama ya bamba, hapo mpangilio wako ni mzuri. Andika namba za mashine kwa chaki ukutani.

Wa fito atumie za aina ya 7018 na azitunze kavu. Fundi makini huziweka kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 150. Fito iliyonyonya unyevu inaingiza haidrojeni kwenye weldi, na ufa unaweza kuja baada ya saa nyingi, wewe umeshalala.

Kwa chuma chenyewe: saga mpaka king'ae, sentimita 3 kila upande wa weldi. Rangi, kutu na lile ganda jeusi la kiwandani, vyote vitoke. Na unapoelekeza moto, elekeza kwenye bamba nene, uache dimbwi la chuma kilichoyeyuka lijisogeze lenyewe kwenye fremu nyembamba.

#11 LoriTatu

Naomba kuongeza kwa wenye magari makubwa wasije wakaiga uzi huu. Fremu za malori mengi ni chuma kilichopitishwa kwenye matibabu ya joto, na mara nyingi kuna kibandiko kwenye fremu kinachokataza kuchomelea na kutoboa mgongo na tumbo. Ukichomelea, unakilainisha pale ulipopasha, na nguvu iliyolipiwa kiwandani imekwenda. Huko tunafunga kwa bolti. Hata pikapu za karibuni, baadhi zina chuma cha nguvu ya juu sehemu fulani za fremu. Tafuteni kitabu cha ukarabati cha gari husika, kinaonyesha wapi panachomelewa na wapi hapaguswi.

#12 MotoWaChuma

LoriTatu amesema jambo kubwa, lisipite.

Njia_Mbovu, kabla hujaanza, haya mambo ya uhai. Toa tenki la mafuta, sio kulifunika. Sogeza mabomba ya breki na nyaya. Fungua betri, hasi kwanza. Klampu ya ardhi iweke karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichosagwa. Ukiifunga mbali, umeme utatafuta njia kupitia beringi za magurudumu na kuzitoboa vidoti. Ndani ya fremu nyingi kuna nta ya kuzuia kutu, na inashika moto kimyakimya. Mtu akae na kifaa cha kuzimia moto muda wote na nusu saa baada ya kumaliza. Na usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini. Mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa weldi yanaweza kutoa fosjini, gesi ileile iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kuhusu ufa: tafuta mwisho wake wa kweli, sio unaouona. Nyunyizia rangi nyekundu ya kupenya, subiri, futa, nyunyizia ile nyeupe. Ufa utajichora mwekundu. Toboa shimo la milimita 4 au 5 mwisho kabisa, chonga ufa wote uwe V mpaka uishe, jaza, saga usawa. Hapo tu ndipo nakuruhusu kusaga weldi, kwa sababu bamba litakaa juu yake. Weldi za nje usizisage kwa ajili ya urembo.

#13 Njia_Mbovu

MREJESHO, baada ya wiki tatu.

Breketi zote mbili nimezikata. Kulia nilidhani pako salama, ila rangi nyekundu ilionyesha ufa wa milimita 9 kwenye kona ileile ya chini. Jicho langu lilikuwa limepita hapo mara nyingi. Ule wa kushoto nao haukuwa sentimita 4. Ulikuwa 5 na nusu, sentimita moja na nusu iliyozidi ilikuwa tumboni mwa fremu, haionekani kabisa kwa macho.

Vipande vya majaribio nilivunja sita. Vitatu vya mwanzo vilibanduka safi, kama fundi alivyosema: ukingo wa bamba umenyooka kama siku nilipoukata. Nilivishika mkononi muda mrefu. Breketi niliyoendeshea safari nzima ilichomelewa kwa mpangilio uleule wa mashine.

Bamba la almasi ni la milimita 3, urefu sentimita 42, mashimo matano ya kujaza. Nilipima mishazari ya fremu, kona hadi kona, kabla ya kuanza, nikachomelea vipande vya sentimita 3 au 4, kushoto kisha kulia, mbele kisha nyuma, nikisubiri mkono uweze kushika chuma kabla ya kuendelea. Mishazari imetofautiana na ya mwanzo kwa milimita 1. Mikanda imefungwa, raba imeteremshwa, mwendo ni sentimita 31.8. Jointi ya ekseli haigomi tena.

Eneo lote nimelipaka rangi nyeupe ili ufa ukija kutu ionekane mapema. Nimetembea kilomita 400 za njia mbovu, nikaosha, nikanyunyizia tena ile rangi. Hakuna mstari.

#14 Mama_Springi

Hongera sana. Rudia baada ya kilomita 1,000, na kila mara angalia ncha za bamba kwanza. Nyuma je? Hiyo ekseli ikipanda inaikuta fremu wapi?

#15 Njia_Mbovu

Sentimita 11 kutoka kimo cha kawaida. Natoa springi za nyuma Jumamosi, nitapima kama nilivyopima mbele kabla ya kukata chochote.

#16 Nati17

Wakuu, niliposoma ule mrejesho nilienda kuosha yangu. Breketi ya kulia, lile bamba nililosema la milimita 8. Kuna mstari wa kutu kwenye kona ya chini, ukucha unakwama. Naona kama sentimita 1.

#17 MotoWaChuma

Iegeshe, Nati17. Usiitembeze hata kwenda dukani. Nunua ile rangi ya kupenya, tafuta mwisho wa ufa, halafu utuwekee hapa vipimo vitatu: unene wa fremu, umbali wa ufa kutoka tumboni, na kama ukijaribu kwa jeki shokapu inagota kabla ya raba. Tuanzie hapo.